Milimita Ishirini na Saba na Ushei

Lenzi ilinijia ndani ya soksi,
soksi ya shule, ya kijivu, ya mtoto nisiyemjua,
katikati ya vitu vya shangazi Mumbua visivyogombewa:
pazia la studio lenye maporomoko ya maji,
taa mbili, kitana cha wateja
waliokuja na nywele zao kupigwa picha ya kitambulisho.
Kamera aliiuza mwaka wa karo yangu.
Lenzi hakuitaja. Ilikaa gizani miaka ishirini,
pete yake bado laini, kama imepakwa siagi.

Nikaipeleka Luthuli, ghorofa ya tatu,
nikapita spika zinazogombana,
simu zilizotumbuliwa matumbo,
hadi kibanda cha Kerubo, mlango mmoja na nusu kwa upana.
Akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja.
"Kuvu hakuna. Vumbi lipo, vumbi si neno.
Na mwili?"
Nikampa kamera yangu, nyembamba, ya juzi.
Akatikisa kichwa.
"Hii haina kioo kinachoruka ndani.
Yako imezoea kukaa mbali na filamu, kwa adabu,
kama mkwe anayeongea kutoka mlangoni.
Ukiisogeza karibu, haioni mtu."

Akatandika gazeti. Akaweka adapta tatu.

Ya mia nane ilicheza.
Unakaza lenzi, inaitikia, kisha inazidi kuzunguka
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.
Ndani ilimetameta kama sufuria mpya;
mwanga ungeingia humo ukapiga kelele.

Ya elfu tisa ilikuwa na vioo vyake,
vya kukusanya picha, kuipanua, kuongeza nuru.
"Ni nzuri," alisema, "sikudanganyi.
Lakini umetaka jicho la shangazi yako.
Mbona umvishe miwani?"

Ya tatu: elfu mbili mia tatu.
Aluminiamu, weusi usiorudisha kitu,
na ukingo mdogo wa kukisukuma kipini cha nyuma
ili tundu la mwanga lifunge unapoliamuru.
Nikachungulia. Upande wa pili nikamwona Kerubo.
"Haina kitu."
"Haina."
"Nalipia hewa?"
"Hewa iliyopimwa," akaishika kwa koleo la vipimo,
akanisomea namba, akarudia.
Mahali pa kile kioo kilichoondolewa.
Kioo kimeenda. Nafasi yake haitakiwi kwenda.

Tukapanda juu ya paa, kati ya matangi ya maji
na shati moja lililosahauliwa kambani.
Kamera ilikataa kufyatua, haikumjua mgeni.
Kerubo akaingia kwenye menyu, akaituliza:
piga, hata ukidhani huna lenzi.

Nikazungusha pete hadi mwisho, hadi ile nane iliyolala ubavu.
Kwa ya mia nane, Ngong ilibaki uji.
Jengo la mbele ya macho lilisimama wima, basi;
dunia iliishia Tom Mboya.
Kwa ya tatu, mgongo wa vilima ulikata anga,
na juu yake mitambo ya upepo, vijiti vyeupe,
nikaihesabu, nikakosea, nikaihesabu tena.
Ilikuwa kabla ya ile nane. Unywele mmoja kabla.
"Huitengeneza nyembamba kidogo makusudi," alisema.
"Afadhali upite kuliko usifike.
Usiamini alama. Tazama."

Nikamwomba elfu mbili. Akakataa.
Nikalipa yote, nikarudisha lenzi kwenye soksi
kwa mazoea ya mtu mwingine.

Picha mia nne sasa.
Mama yangu akichambua mchicha. Mvua ya Jumanne, Ngara.
Kerubo, aliyegoma kucheka.
Pembe zake zimefifia kidogo, rangi ina joto la chai.
Na chini ya kila moja, panapoandikwa maelezo,
saa, tarehe, kasi,
kamera imejaza kwa uaminifu wake wote:
Lenzi: hakuna.